Tope la Lukuledi halianzii mtoni

Mvua za msimu zinapoanza kusini mwa Tanzania, Novemba ikielekea Desemba, Mto Lukuledi hubadilika rangi kabla haujajaa. Maji bado yako chini kabisa ya kingo, lakini tayari ni mekundu. Mto ukija kufurika baadaye, ule wekundu mkali huwa umeanza kupungua. Ikifika Aprili unaweza kukuta maji yana kina kilekile cha Desemba, na tope likawa dogo zaidi. Lukuledi hauko peke yake katika hili. Ndivyo ilivyo mito mingi ya nchi zenye kiangazi kirefu na msimu mmoja wa mvua.

Nauanza mjadala hapo kwa sababu naona tunauendesha kinyume. Mto ukichafuka, macho yetu yote yanakwenda mtoni: nani analima bustani ukingoni, nani anachimba mchanga, ng'ombe wa nani wamenywa wapi. Hao wana sehemu yao na sina nia ya kuwatetea. Lakini tope laini, lile linalofanya maji yasionekane ndani, kwa sehemu kubwa halizalishwi na mto wala halitoki ukingoni. Mto unaletewa. Na kama unaletewa, basi sera inayoishia kingoni inashughulikia mlango wa kutokea na kuuacha wa kuingilia wazi.

Ili hoja hiyo isimame lazima tuelewe jinsi maji yanavyobeba mashapo, yaani mchanga na tope vinavyosafiri na maji, na elimu hii si ngumu kama inavyodhaniwa.

Yote yanategemea ukubwa wa chembe. Wataalamu huita mchanga chembe zenye kipenyo kati ya milimita 2 na kama milimita 0.06. Chini ya hapo ni tope laini, na chini ya milimita 0.002 ni udongo wa mfinyanzi, chembe ambazo jicho haliwezi kuziona moja moja. Mwaka 1851 mwanahisabati George Gabriel Stokes alionyesha kwamba chembe ndogo ikizama kwenye maji yaliyotulia, kasi yake hufuata mraba wa kipenyo chake. Ukipunguza kipenyo mara kumi, kasi ya kuzama hupungua mara mia. Hapo ndipo penye siri yote.

Chukua hesabu yenyewe kwa maji ya joto la kwetu. Chembe ya mchanga laini wa milimita 0.06 huzama mita moja kwa dakika tano hivi. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji karibu siku tatu kushuka mita hiyo hiyo moja, tena maji yawe yametulia tuli. Sasa uweke mto unaokwenda mita moja kwa sekunde. Katika zile dakika tano mchanga umesafiri mita 300. Katika zile siku tatu mfinyanzi umesafiri zaidi ya kilomita 250, yaani umetoka Masasi, umefika baharini, na safari bado inadai. Na mto haujatulia. Maji yake yanazunguka, yanapanda na kushuka, na kila msukosuko unairudisha juu chembe iliyokuwa inataka kutua. Kwa mfinyanzi, mto unaotembea ni kama hauna sakafu.

Hili unaweza kulithibitisha nyumbani. Chota maji ya mto uliofurika kwenye chupa angavu ya lita moja, itikise, kisha iweke juu ya meza. Ndani ya dakika moja mchanga umeshatua chini na una mstari wake. Baada ya saa moja juu yake pamelala utando wa tope la rangi nyepesi zaidi. Kesho yake asubuhi sehemu ya juu imeanza kuangaza, lakini bado ina ukungu, na ukungu huo unaweza kukaa wiki nzima bila kukubali kushuka. Mto hufanya kazi hiyo hiyo kwa urefu wa bonde lote. Unapepeta kama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo: kizito kinabaki karibu, chepesi kinakwenda mbali.

Kuna jambo la pili, na hili linapingana na fikra ya haraka. Mtu angedhani kwamba chembe ndogo kuliko zote ndizo rahisi kuliko zote kung'olewa na maji. Sivyo. Mwaka 1935 Filip Hjulström wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, alichora mchoro ambao hadi leo unafundishwa katika jiografia ya mito. Alionyesha kwamba kinachong'oka kwa urahisi zaidi ni mchanga wa wastani. Mkondo wa sentimita 20 hivi kwa sekunde unatosha kuanza kuusogeza. Mfinyanzi ulioshikana unahitaji maji makali zaidi, kwa sababu chembe zake zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Ila ukishang'oka, hata maji ya polepole mno yanaendelea kuubeba. Kwa hiyo mfinyanzi una tabia mbili: ni mgumu kuondoka, na ukiondoka haurudi.

Weka sasa tabia hizo mbili mbele ya swali letu. Kama mto unapata shida kuung'oa mfinyanzi kwenye sakafu na kingo zake, na kama sakafu yenyewe ni mchanga kwa sababu tope halitui hapo, tope lote lile linatoka wapi? Hans Albert Einstein, mtoto wa yule mwanafizikia, aliyekuwa profesa huko Berkeley, Marekani, ni miongoni mwa waliolitenganisha jambo hili vizuri. Kuna mashapo ambayo kiasi chake kinaamuliwa na nguvu ya mto: mchanga na changarawe za kwenye sakafu. Mto ukiwa na nguvu unabeba mengi, ukichoka unayaacha. Na kuna mashapo laini yanayopita tu, ambayo ni nadra kuyakuta kwenye sakafu ya mto kwa wingi wa maana. Kiasi chake hakiamuliwi na nguvu ya mto, kwa sababu mto karibu siku zote una uwezo wa kubeba zaidi ya unachopewa. Kinaamuliwa na ardhi.

Ndiyo maana Desemba na Aprili hazifanani hata kina cha maji kikiwa kimoja. Desemba ardhi imekaa miezi sita bila mvua ya maana, imekanyagwa, imechomwa, imesagika kuwa vumbi, haina jani. Mvua ya kwanza inakomba kilicho tayari. Aprili nyasi zimesimama, mazao yameziba nafasi, na vumbi la kiangazi lilishaondoka zamani. Mto ni uleule. Kilichobadilika ni shamba.

Bonde la Lukuledi linasaidia sana kuliona hili. Mto unatoka pande za Masasi na kushuka kati ya nyanda mbili za juu, Makonde upande wa kusini na Rondo upande wa kaskazini, na barabara ya Masasi, Ndanda, Nyangao na Mtama inafuata bonde hilo hadi karibu na Lindi. Juu ya Uwanda wa Makonde kuna mchanga mwingi, mvua inazama, vijito ni vya kutafuta; watu wa Newala wanaijua vizuri adha ya kuishi juu ya ardhi inayomeza maji. Sehemu za tambarare huko juu hazina lawama kubwa ya tope. Lawama iko kwenye miteremko inayoshuka kutoka kwenye nyanda hizo, na kwenye mashamba na njia za bondeni, ambako udongo una mfinyanzi zaidi na maji yanapata pa kukimbilia.

Tone kubwa la mvua, la milimita tano hivi, hufika chini likiwa na kasi ya kama mita 9 kwa sekunde. Likikuta jani, nguvu hiyo inakufa hapo. Likikuta udongo mtupu, linapasua bonge la udongo na kuzirusha chembe pande zote. Chembe laini zinaingia kwenye matundu ya udongo na kuyaziba, na juu panatokea gamba gumu lisilopitisha maji. Hapo maji yaliyokuwa yazame yanaanza kutembea juu ya ardhi. Kumbuka kwamba mfinyanzi ni mgumu kung'olewa na maji yanayopita. Ni tone ndilo lililofanya kazi hiyo ngumu. Mtiririko unakuta kazi imeshakwisha, unazoa tu. Sababu hii peke yake inatosha kunifanya niamini kwamba kilichofunika udongo ndani ya wiki za kwanza za mvua ni muhimu kuliko karibu kila kitu kingine tunachokifanya kwa ajili ya mito.

Na ni katika wiki hizo hasa ndipo ardhi yetu inapokuwa uchi. Msimu wa korosho unaanza na kusafisha chini ya mikorosho, na ni sawa kabisa, kwa sababu korosho iliyoanguka kwenye majani na magugu haionekani na inaoza. Lakini majani yaliyofagiliwa huchomwa, na mavuno yanapofikia ukingoni ndipo mvua inapoingia na kukuta chini pameng'aa. Kwa shamba lililo tambarare juu ya mchanga, hasara ni ndogo. Kwa shamba lililo kwenye mteremko, ni kumwaga udongo wa juu kwa hiari. Ufuta una hatari zaidi. Lindi ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa ufuta, na shamba jipya la ufuta mara nyingi linafyekwa na kuchomwa kiangazi, lakini mbegu inaingia ardhini Januari na kuendelea. Kati ya moto wa Oktoba na mche wa Februari kuna mvua nyingi zinazopiga majivu na udongo mtupu.

Simlaumu mkulima. Ameambiwa alime kwa wingi, bei ya ufuta imemtia moyo, na hakuna aliyemwonyesha hesabu ya anachopoteza. Udongo unaoondoka kwanza ndio wenye mboji na fosforasi, kwa kuwa fosforasi hujishika kwenye chembe za mfinyanzi. Shamba linabaki na mchanga. Miaka michache baadaye anahama na kufyeka pengine, na tunasema anaharibu misitu.

Halafu kuna barabara, ambazo kwa maoni yangu ndizo tunazozisahau kupita yote. Barabara ya udongo ni ardhi iliyoshindiliwa isiyo na jani, na greda likipita linachonga upya na kuacha udongo uliolegea pembeni, tayari kuondoka. Mtaro unakusanya maji ya mteremko mzima na kuyapeleka kwa kasi hadi kwenye kijito cha kwanza. Njia za miguu na za ng'ombe zinafanya vilevile kwa udogo wake. Eneo lake ukilipima ni dogo sana mbele ya mashamba, lakini kila tone linaloanguka hapo lina njia ya moja kwa moja kwenda mtoni. Shamba lililo kilomita mbili kutoka mtoni, lenye nyasi kati yake na mto, linaweza lisipeleke chochote. Shamba hilo hilo likipitiwa na mtaro wa barabara limeshakuwa jirani wa mto.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaotegemea mita 60 peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, ziwani au baharini. Ni sheria nzuri na iendelee kusimamiwa. Ukanda wa nyasi na miti ukingoni unapunguza kasi ya maji yanayokuja yakiwa yametandazika, na yakipungua kasi yanaacha sehemu ya mzigo. Tatizo ni kwamba maji ya korongo na ya mtaro hayaji yakiwa yametandazika. Yanakuja yamebanwa, yanaupita ukanda wa mita 60 kwa kishindo, na chembe za mfinyanzi zinazohitaji siku kutua haziwezi kutua ndani ya dakika moja ya kupita kwenye nyasi. Tukimwondoa mwenye bustani ya mchicha ukingoni na kuuacha mtaro unaomwaga juu yake, tumemwadhibu mtu na mto haujapata nafuu.

Tufike baharini, maana huko ndiko gharama inakolipwa na watu ambao hawajawahi kuona shamba la ufuta.

Mfinyanzi ukikutana na chumvi hubadilika tabia. Kwenye maji baridi kila chembe ina chaji hasi, zinasukumana, hazishikani. Chumvi ya bahari inafifisha ule msukumano, chembe zinagusana, zinashikana na kuwa mabonge laini yanayozama upesi. Shabu tunayotia kwenye ndoo ya maji machafu hufanya kazi kwa kanuni inayofanana, na mbegu za mlonge zilizosagwa pia hufanya hivyo kwa protini zake. Matokeo yake ni kwamba tope lililokataa kutua kutoka Masasi hadi Mingoyo linaamua kutua pale mto unapokutana na bahari, ndani ya Ghuba ya Lindi. Maji yanapojaa yanalirudisha juu, yanapokupwa yanalivuta nje, na siku za bamvua linatibuliwa upya kuliko siku za maji mafu.

Mikoko inaishi kwa mpango huo. Mizizi ya mkoko iliyosimama kama miguu na vijiti vya mizizi ya mchu vinavyochomoza kwenye tope vinapunguza mwendo wa maji na kulikamata tope. Bila tope la mto hakuna mikoko ya namna ile, na bila mikoko kamba wachanga wanakosa pa kujificha. Lakini matumbawe hayavumilii. Yanahitaji mwanga na uso safi. Tope likiyafunika yanatumia nguvu zake kujisafisha badala ya kukua, na likizidi yanakufa. Mwani nao, ambao kina mama wengi wa pwani yetu wanautegemea, hupungua kukua maji yakipoteza mwanga na tope likishika kwenye matawi.

Anayetaka ushahidi wa kazi ya mto atazame bandari zetu mbili. Ghuba ya Lindi na bandari ya Mtwara zote ni mabonde ya kale yaliyofunikwa na bahari ilipopanda baada ya zama za barafu. Lindi ilitangulia kuwa mji wa biashara. Lakini Waingereza walipohitaji bandari ya meli kubwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, Lindi ilionekana haina kina cha kutosha, wakaenda kujenga Mtwara. Lindi imekaa kwenye mdomo wa Lukuledi. Bandari ya Mtwara haina mto mkubwa unaoingia ndani yake. Sidai kwamba tope peke yake ndilo lililoamua historia ya miji hii miwili, ila ukiutazama mpango wa mito kwenye ramani huwezi kuliondoa katika hesabu.

Yupo atakayeniuliza: kwani tope si neema? Mashamba ya mpunga ya mabondeni yanaishi kwa hilo tope. Rufiji wana kilimo cha mlau, kinachofuata maji ya mafuriko yanapopungua na kuacha ardhi yenye rutuba. Delta zote ni kazi ya mashapo. Hata gesi ya Mnazi Bay imekaa ndani ya mawe ya mchanga ambayo ni mashapo ya delta ya Ruvuma ya kale, na mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi, imehifadhiwa kwa miaka kama milioni 150 kwa sababu ilizikwa mapema kwenye tope na mchanga. Nakubali yote. Mto usio na tope kabisa nao ni msiba. Misri wanaijua habari hiyo tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 na kulizuia tope la Nile, na fukwe za delta zikazidi kuliwa na bahari. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lazima lilete swali hilo hilo kwa mikoko ya Rufiji na pwani ya kaskazini ya Kilwa inayopokea maji yale, na ningependa lijibiwe kwa vipimo mapema.

Kwa hiyo sidai mito yetu iwe safi kama ya mlimani. Nadai tujue kiasi. Delta na mikoko vilikua kwa kiwango fulani cha tope kilichokuwa kinashuka kutoka kwenye misitu na mbuga. Tukikiongeza ghafla kwa kuacha miteremko uchi, tumevipa kitu ambacho havikukua nacho. Na udongo unaomnufaisha mkulima wa bondeni umetoka kwa mkulima wa juu, ambaye hakuulizwa.

Je, inawezekana kupunguza? Inawezekana, na hatuhitaji kwenda mbali. Wamatengo wa Mbinga wamelima miteremko mikali kwa ngoro kwa vizazi vingi: wanalaza nyasi zilizofyekwa katika miraba, wanazifunika kwa udongo kuwa matuta, na katikati ya kila mraba linabaki shimo. Mvua inaingia shimoni, inaacha tope lake humo humo, maji yanazama. Maji ya Mbinga mengi yanakwenda Ziwa Nyasa na si kwetu, lakini Songea, ambako Mto Ruvuma unaanzia katika milima ya Matogoro, si mbali na hapo. Kondoa kulikuwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kabisa katika eneo lililokuwa limemomonyoka, na uoto ukarudi kwenye makorongo. Gharama yake kwa wafugaji ilikuwa nzito na nisingependa kuona ikirudiwa kwa namna ile, lakini ilithibitisha kwamba ukigusa mteremko, mto unajibu. Mfano mkubwa kuliko yote uko China. Huang He, Mto Manjano, ulikuwa unabeba karibu tani bilioni 1.6 za mashapo kwa mwaka katikati ya karne iliyopita. Baada ya miongo ya kujenga matuta ya kontua, vibwawa vya kuzuia tope kwenye makorongo, na kurudisha miti, pamoja na mabwawa makubwa, kiasi hicho kimeshuka chini ya robo.

Kwetu, kazi ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Majani yaliyofagiliwa chini ya mikorosho ya mtelemkoni yasichomwe. Yalazwe kukata mteremko mavuno yakiisha, kabla mvua kubwa haijashika. Shamba la ufuta liachiwe michirizi ya nyasi isiyofyekwa kila baada ya hatua kadhaa. Na anayechonga barabara za vijijini, ambaye leo ni TARURA, apimwe pia kwa mahali anapomwaga maji: mifereji ya kutolea maji iwe mingi na mifupi, imwage kwenye nyasi kidogo kidogo, isikusanye maji ya kilomita nzima na kuyamimina kwenye kijito.

Kazi ya pili ni kupima, na hapa lazima tuache mazoea. Kwenda mtoni mara moja kwa mwezi na kuchota sampuli siku ya jua hakutuambii karibu chochote, kwa kuwa sehemu kubwa ya tope la mwaka mzima inaweza kupita katika siku chache. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kuu eneo la Somanga wilayani Kilwa, mito ile ilikuwa inabeba ndani ya saa chache mzigo ambao ratiba ya kila mwezi isingeuona kamwe. Anders Rapp wa Uppsala na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walilijua hili walipopima mmomonyoko Morogoro na Dodoma mapema miaka ya 1970.

Tabia ya tope laini inaturahisishia. Mchanga unajaa karibu na sakafu na kupungua juu, kwa hiyo kuupima kunahitaji vifaa. Tope laini limeenea karibu sawasawa kutoka juu hadi chini, na chupa moja iliyojazwa katikati ya mkondo inatoa jibu linalotosha kuanzia. Inachujwa kwa karatasi laini ya maabara, inakaushwa kwa nyuzi 105, inapimwa. Shule ya sekondari yenye maabara inaweza kufanya hivyo. Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara, ingeweza kuanza na sehemu tatu za Lukuledi: karibu na Ndanda, Nyangao, na kwenye daraja la barabara ya Mtwara. Chupa zichotwe kila saa maji yanapopanda, kuanzia mafuriko ya kwanza kabisa ya msimu. Tofauti kati ya sehemu na sehemu itaonyesha ni kipande gani cha bonde kinachotoa tope zaidi. Vipimo hivyo vikikusanywa kwa misimu mitatu, halmashauri za Masasi, Mtama na Lindi zitaingia kwenye vikao vya bajeti zikiwa na majina ya miteremko na kilomita za mitaro za kushughulikia kwanza.